Kufuli Zenye Adabu

1

Tumpe Mwasaga aliweka kiganja juu ya kabati la kompyuta, akakiondoa, kisha akakirudisha kama mama anayepapasa paji la mtoto. Kabati lilikuwa baridi.

Skrini iliyokuwa mbele yake ilisema mambo mengine kabisa. Ilidai kwamba ndani ya kabati lile watundu elfu moja wa kubuni walikuwa wakigombania kufuli tangu alfajiri, wakisukumana na kunyang'anyana bila huruma, na kwamba katika purukushani yote hiyo hakuna kosa lililoonekana. Maandishi yalikuwa ya kijani kibichi. Ni maandishi hayohayo aliyoyaona jana na juzi, na ndiyo yaliyomfanya Injinia Mtweve, mjenzi wa reli, atangaze kwamba Handaki la Kipengere linafunguliwa leo saa sita mchana.

Lakini prosesa mia tano zikifanya kazi ya kweli, kabati huwa la moto kiasi cha kukausha kitambaa. Hili lilikuwa baridi kama benchi la zahanati.

Simu ya mezani ikalia. Alikuwa Sekela, mdogo wake, dereva wa behewa la kwanza.

"Dada, umekunywa chai?"

"Bado."

"Kanywe basi. Mimi huku nimevalishwa glavu nyeupe kama bibi harusi. Nimepigwa picha mpaka meno yamekauka."

"Abiria wameshaingia?"

"Wanaingia. Nina kwaya nzima, wazee wa mila, na mkuu wa wilaya anayeogopa kufunga mkanda. Anasema mkanda utamkunja koti." Sekela akacheka. "Mbona sauti yako kama ya mfiwa?"

"Usingizi tu."

"Haya. Ukiona tunapita chini ya mlima, nipungie mkono. Sitakuona, lakini nipungie."

Tumpe akaweka simu chini. Alijua njia ile kuliko wengi waliokuwa wakiimba nje. Handaki lilikuwa limenyonywa hewa yote, ili behewa liruke toka Uyole hadi Matema bila kusuguliwa na upepo, safari ya muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai. Katikati, chini kabisa ya mlima, palikuwa na kituo cha kupishana chenye mageti mawili. Behewa likitaka kupita lazima lishike kufuli ya geti la juu na ya geti la chini, zote mbili kwa pamoja. Kufuli hizo hazikuwa za chuma. Zilikuwa ndani ya Kiini, ile programu ya ndani kabisa inayoziamuru programu nyingine zote za reli. Aliyeshika kufuli, geti ni lake. Asiyeshika, anasubiri gizani, na huko gizani hakuna hewa isipokuwa ile aliyoibeba.

Ndiyo maana kufuli ziliteswa kabla ya kuaminiwa. Mafundi waliiita kazi hiyo mateso. Unawaachia watundu wako wa kubuni ndani ya Kiini, na kazi ya mtundu ni moja: achague geti la kuanzia kwa bahati nasibu, ashike kufuli yake kisha ya pili, akae nazo kitambo cha bahati nasibu, aachie, aanze tena. Wakifanya hivyo wengi kwa pamoja, kama kuna udhaifu, utajitokeza.

Siku zote Tumpe alikuwa akiiuliza mashine swali moja: je, kuna kosa? Safari hii aliuliza jingine. Aliandika: kila mtundu, sasa hivi, amesimama wapi?

Jibu likamwagika kwenye skrini, akalisoma. Hawakuwa kwenye mageti. Karibu wote walikuwa kwenye foleni moja ndefu, mlangoni pa Kisima, wakingoja zamu ya kupewa namba. Akitoka mmoja na namba yake mkononi, anakwenda getini, anakuta hakuna mtu, anashika, anaachia, anarudi mwisho wa foleni. Hakuna aliyewahi kumsukuma mwenzake. Kufuli zilikuwa zimefaulu mtihani ambao hazikuwahi kuufanya.

2

Kisima hakikuwa cha maji. Kilikuwa chumba kimoja kilichochimbwa ubavuni mwa mlima Rungwe, na ndani yake kipande cha madini yenye mionzi kinachooza polepole, kikitoa mpasuko hapa, mpasuko pale, wala hakuna mwanadamu awezaye kusema mpasuko ujao utakuja lini. Kutokana na mipasuko hiyo nchi ilipata namba zake zote za bahati. Nafasi za shule, viwanja, zamu za jeshi, vyote viligawiwa kwa namba za Kisima, na kila chombo cha umma kililazimika kuchota humo. Mmoja mmoja, kwa zamu.

Sheria ile ilikuwa na sababu, na Tumpe hakuhitaji kusimuliwa. Zamani, mashamba ya bonde la Kiwira yalipogawiwa kwa kura ya kompyuta, bahati iliyotumika ilikuwa ya kutengeneza. Ilikuwa hesabu tu: zidisha, jumlisha, kata mkia, chukua namba inayobaki. Kwa macho inaonekana nasibu. Lakini anayeijua mbegu, yaani namba ya kuanzia, anazijua namba zote zitakazofuata mpaka kiama, na watu watatu waliijua. Baba yake Tumpe alikwenda kwenye kura hiyo akiwa amevaa suti, akarudi bila shamba lililokuwa na makaburi ya wazazi wake. Hakuwahi kurudishiwa. Tumpe alipoapishwa kuwa mpimaji wa vyombo vya umma, pale kwenye maneno "sitatumia bahati ya kutengeneza" sauti yake ilikuwa imepanda kuliko za wenzake wote, hata watu wakageuka kumtazama.

Sasa alikaa mbele ya kibodi na kuona dawa ilivyo ndogo. Mistari michache tu. Achote namba moja ya Kisima iwe mbegu, kisha kila mtundu apewe kete yake mwenyewe ya hesabu, aizungushe mwenyewe papo hapo bila kumngoja mtu. Zidisha, jumlisha, kata mkia. Foleni itakufa.

Ni hesabu ileile.

Nje kwaya ilianza wimbo mwingine. Tumpe akasikia ngoma ikipita sakafuni. Aliwaza kumpigia mtu aombe ruhusa, akajua hakuna mwenye ruhusa hiyo ya kutoa. Sheria haikumwachia nafasi hata mkuu wa nchi. Aliwaza kunyamaza. Jana skrini ilikuwa ya kijani, juzi ya kijani. Nani angemlaumu?

Akaandika mistari ile.

Mwanzoni hakuona kitu. Kisha feni zikaanza kuvuma, kwanza moja, halafu zote, mpaka kalamu ikatetemeka mezani. Watundu elfu moja walikuwa wameingia uwanjani kwa mara ya kwanza. Kabati likapata joto chini ya kiganja chake. Akahesabu pumzi zake, na kabla hajafika mbali, skrini ikawa nyekundu.

Watundu wawili walikuwa wamekwama. Mmoja alishika geti la juu akitaka la chini, mwenzake alishika la chini akitaka la juu. Hilo lenyewe halikuwa jipya. Kiini kilikuwa na kanuni ya kulimaliza. Kila anayekuja kuomba kufuli hupewa umri, kulingana na wakati aliofika. Mdogo akikutana na mkubwa, mdogo anaachia alichoshika, anarudi nyuma, mkubwa anapita. Injinia Mtweve aliiandika kanuni hiyo mwenyewe, na magazeti yalimsifu aliposema, "Kufuli zetu zina adabu. Zimelelewa."

Tumpe akafungua kanuni akaisoma neno kwa neno. Ukimkuta aliyekuzidi umri, *au mnayelingana*, mpishe.

Akaegemea kiti. Aliyeandika maneno hayo alikuwa amelelewa vizuri. Nani mwenye malezi anayejisukuma mbele ya rika lake? Unasimama mlangoni, unasema tangulia. Naye anasema, la, tangulia wewe. Watu wakifanya hivyo, mmoja hucheka, akaingia. Mashine haicheki. Kwenye skrini hawa wawili walikuwa wamefika katika nukta ileile ya wakati, umri sawasawa. Kila mmoja aliachia, akarudi nyuma, akaona njia ni nyeupe, akashika tena, akamkuta mwenzake, akaachia. *Nimepisha. Nimepisha. Nimepisha.* Mistari ilishuka kama mvua, na hakuna aliyepita.

Akarudisha mbegu ileile, akaanza upya. Wakakwama palepale, walewale wawili. Mara ya tatu, palepale.

Ndipo alipokumbuka kofia za sherehe, zile walizogawiwa tangu juzi, zenye maandishi kifuani mwa ndege aliyechorwa: *Tutoke Pamoja, Tufike Pamoja.* Mgeni rasmi angebonyeza kitufe kimoja tu. Behewa la Uyole na behewa la Matema yangeondoka katika nukta moja ya wakati, yakutane chini ya mlima.

Umri sawasawa.

3

Mzee Ambilikile Kapungu, mlinzi wa Kisima, alipanda ngazi polepole akiwa amevaa joho lake la sherehe. Alikuwa amemfundisha Tumpe chuoni, na hata sasa alimtazama kama anayesubiri jibu la mtihani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umeniita nikiwa nimekaa karibu na mgeni rasmi. Nimewakanyaga watu miguu nikitoka. Kuna nini?"

Tumpe akamweleza yote bila kupamba. Alipofika kwenye kete za hesabu, mzee akainua mkono.

"Simama hapo. Umetumia nini?"

"Bahati ya kutengeneza, Mwalimu."

"Wewe?" Sauti ya Kapungu ilikuwa ndogo. "Angekuwa mwingine ningeelewa. Wewe, mtoto wa Mwasaga? Baba yako alikufa akilitaja lile shamba."

"Najua alivyokufa. Nilikuwa nimemshika."

Mzee akageukia skrini. Akaisoma mistari inayoshuka, akasoma kanuni, akasoma tena. Uso wake ukabadilika taratibu, kama mtu anayetambua sauti ya mgonjwa nyuma ya ukuta.

"Hawa wawili," akasema. "Hawatatoka?"

"Hawatatoka. Na Sekela yuko kwenye behewa la Uyole. Hewa waliyobeba ni ya nusu saa. Kufungua handaki na kuingiza upepo mpaka chini ya mlima kunachukua nusu siku."

Kapungu akakaa bila kukaribishwa. Nje mtu alikuwa akijaribu kipaza sauti, moja mbili, moja mbili.

"Sikiliza," akasema mwishowe, bila kumtazama. "Sema namba zote zilitoka Kisimani. Mimi ndiye mlinzi, mimi ndiye nitakayeulizwa. Nitanyamaza. Watasimamisha safari, nawe utabaki na leseni yako."

Tumpe hakutegemea hilo. Lilimuuma kuliko ukali.

"Halafu watarudia kwa Kisima, Mwalimu. Foleni itajipanga, skrini itakuwa ya kijani, watasema Tumpe aliota. Wataondoka kesho badala ya leo. Mbegu ndiyo inayowakamata hawa. Nikiificha mbegu, sina kitu."

Kabla mzee hajajibu, mlango ulifunguliwa kwa kishindo. Injinia Mtweve aliingia akifuta jasho, kofia ya sherehe mkononi.

"Bi Tumpe! Feni zenu zinasikika mpaka jukwaani, wageni wanadhani ni injini. Mnafanya nini?"

Tumpe akamwonyesha. Mtweve alikuwa mtu wa majigambo, lakini hakuwa mjinga. Macho yake yalipofika kwenye maneno *au mnayelingana*, shingo yake ilisinyaa ndani ya kola.

"Umechagua mbegu mbaya makusudi," akasema.

"Chagua yako."

Akaandika namba ya kichwani mwake, akaificha skrini kwa mgongo wake mpana wakati anaandika. Feni zikavuma. Walikwama watundu wengine wawili, kwenye mageti yaleyale, wakipishana vilevile. Mtweve akaandika nyingine. Skrini ikawa nyekundu haraka zaidi.

"Sawa," akasema kwa sauti kavu. "Sawa. Hili linatatulika. Nitaagiza behewa la Matema licheleweshwe kwa muda wa kupepesa jicho. Umri hautalingana. Mdogo wako atapita salama, Bi Tumpe, nakuapia. Kesho kutwa naketi mimi na wewe, tunarekebisha neno hili kimya kimya. Hakuna aliyevunja sheria, hakuna aliyekosea. Watu waende wakale pilau."

Akilini Tumpe alimwona Sekela akiwa na glavu nyeupe, akifika Matema, akishuka akicheka. Kila kitu alichokitaka asubuhi hiyo kilikuwa kimewekwa mkononi mwake, na alichotakiwa kufanya ni kufunga vidole.

"Na pampu?" akauliza.

"Pampu zipi?"

"Pampu mia nne za handaki. Zinashika kufuli hizihizi, na hazina ratiba. Zinakuja zinapotaka. Leo hazitalingana, labda. Wiki ijayo mbili zitalingana, zitaanza kupishana, na behewa litakalokuwa karibu litabaki hapo. Sijui litakuwa na nani ndani."

"Wiki ijayo tutakuwa tumerekebisha."

"Utaibadilisha kanuni ya Kiini kwa ushahidi gani? Baraza la vyombo vya umma halipokei ushahidi wa bahati ya kutengeneza. Na wa Kisima unasema hakuna kosa. Utawaambia nini, Injinia, kwamba uliota?"

Nje mshereheshaji alikuwa akimkaribisha mgeni rasmi, na umati ukapiga vigelegele.

"Nawasihi," akasema Mtweve, na kwa mara ya kwanza hakuwa na sauti ya mkubwa. "Nimejenga kitu hiki tangu nywele zangu zikiwa nyeusi."

Tumpe akamgeukia Kapungu. "Mwalimu, kile kifungu cha mwisho. Ulitukaririsha darasani. Bado kipo?"

Mzee alikuwa ameelewa, na hakutaka kuelewa.

"Kipo," akasema.

"Kitamke basi, nisikosee."

"Chombo cha umma kilichoguswa na bahati ya kutengeneza," akasema Kapungu, akivuta kila neno, "kitasimamishwa palepale, kitafungwa kwa lakiri, wala hakitafunguliwa mpaka kila namba iliyotumika ichunguzwe mbele ya mlinzi wa Kisima. Naye aliyeitumia akikiri hadharani kwa kinywa chake, asiwepo wa kumnyamazisha." Akamgeukia. "Hawatakurudishia leseni, Tumpe. Na huenda wakakufunga."

"Kabati hili la akiba ni sehemu ya Kiini chenyewe?"

"Ni sehemu yake," mzee akajibu.

"Basi Kiini kimeguswa, na mbegu lazima ichunguzwe."

Mtweve akapiga hatua kuelekea kwenye kipaza sauti cha kituo. Kapungu, pamoja na uzee wake na joho lake, alikuwa amesimama mbele yake tayari.

"Asiwepo wa kumnyamazisha," mzee akarudia. "Kaa chini, Injinia."

Tumpe akabonyeza swichi. Akasikia pumzi yake mwenyewe ikirudi kutoka vipaza sauti vya nje, kubwa, ya kutisha, na vigelegele vikikatika.

"Mimi ni Tumpe Mwasaga, mpimaji wa reli hii," akasema. "Asubuhi ya leo nimetumia bahati ya kutengeneza ndani ya Kiini. Nimefanya mwenyewe, kwa akili zangu. Mgeni rasmi, nakuomba uondoe mkono kwenye kitufe."

4

Kelele zilizofuata hazikuwa na maneno. Wengine walizomea. Mwanamke mmoja alilia kwa uchungu wa kweli, na Tumpe alijua kilio kile. Ni cha watu wa Kiwira, waliokuwa wamesikia maneno "bahati ya kutengeneza" tena baada ya miaka yote hiyo. Hakuziba masikio.

Taa za behewa zikazimwa. Abiria wakaanza kushuka, kwaya, wazee wa mila, mkuu wa wilaya na koti lake. Askari wawili wa baraza walikuja wakasimama mlangoni, wakasubiri, kwa sababu sheria ilimtaka mlinzi amalize uchunguzi kwanza. Kapungu alikuwa amevaa miwani.

"Mbegu," akasema, kwa sauti ya kazi.

Tumpe akamtajia. Mzee akaiandika kwa kidole kimoja, akahakiki, akaanzisha. Mtweve alikuwa ameketi kwenye kona, kofia ya sherehe magotini.

Wakati huohuo Sekela aliingia akiwasukuma askari kando. Glavu moja ilikuwa mkononi, nyingine ameikunja ngumini.

"Dada, umenifanyia nini? Uyole nzima imeniona nikishushwa kama mpanda bure! Mama yuko mbele ya televisheni, anatazama! Siku moja, dada. Siku moja nilikuomba unipungie mkono, na wewe unakwenda kujitangaza mwizi?"

Tumpe akasogeza kiti, akampisha mdogo wake mbele ya skrini.

Sekela hakujua kanuni za Kiini, lakini aliyajua mageti. Alikuwa ameyafanyia mazoezi mpaka ameyaota. Alitazama geti la juu na geti la chini, na wale wawili waliokuwa wakishika na kuachia, wakishika na kuachia. Alitazama kwa hasira kwanza. Kisha akatazama kwa macho ya dereva. Ngumi ikafunguka, glavu ikaanguka sakafuni bila yeye kujua.

"Wanafanya nini?"

"Wanapishana."

"Mpaka lini?"

Kapungu akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya joho.

Sekela akanyoosha kidole, akakigusisha kioo mahali palipokuwa na geti la juu, akakihamishia kwenye geti la chini, akakirudisha juu.

"Mimi ni yupi hapa, dada?"